Insulini hutokaje kwenye seli, na kwa nini kidonge cha kisukari hakitaki tumbo tupu

Ukila ugali na samaki pale Dunga, Kisumu, kongosho halianzi kupika insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, wakati huo. Imeshapikwa, imefungwa, inangoja. Seli moja ya beta, ile ya kongosho inayopika insulini, huweka akiba ya vifuko kama 10,000, kila kimoja kikiwa na upana wa takriban nanomita 300. Panga 3,000 mstari mmoja na bado hujajaza milimita.

Kinachotiwa kifukoni ni proinsulini. Vimeng'enya huikata humo humo, zikabaki insulini, inayojikusanya sita sita ikishikanishwa na zinki, na kipande kiitwacho C-peptidi. Vyote viwili hutoka pamoja kwa idadi sawa. Ndiyo maana anayejidunga insulini hupimwa C-peptidi: ile ya chupa haina kipande hicho, kwa hiyo kikionekana kwenye damu kimetoka kwenye kongosho lake mwenyewe.

Protini iitwayo kinesini hukokota vifuko juu ya nyuzi za ndani ya seli hadi karibu na utando wa seli. Vilivyotangulia hunasa hapo: protini ya kifuko iitwayo VAMP2 husokotana na protini mbili za utando, sintaksini na SNAP-25, kama zipu iliyofungwa nusu. Kinachokosekana ni kalsiamu.

Glukosi, yaani sukari ya damu, ikiingia ndani ya seli huchomwa, na ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, huongezeka. ATP hufunga milango ya potasiamu, chaji ya utando hubadilika, milango ya kalsiamu hufunguka. Kalsiamu ikiingia, protini iitwayo sinaptotagmini huidaka, zipu hukazwa hadi mwisho, na tando mbili huungana kuwa moja. Insulini humwagika nje. Vifuko vya mlangoni humwaga ndani ya dakika 10 za kwanza. Vya nyuma hufuata taratibu. Wimbi hilo la kwanza ndilo hudhoofika mapema katika kisukari cha aina ya pili.

Sasa glibenklamidi, kidonge cha kisukari cha aina ya pili. Kidonge hiki huufunga mlango wa potasiamu chenyewe, bila kuuliza kama glukosi ipo. Mwendesha bodaboda wa Kondele akikimeza asubuhi kwa strungi isiyo na sukari, halafu akose chakula hadi saa nane, vifuko vitafunguka vivyo hivyo na sukari ya damu itashuka mno. Atatetemeka, atoke jasho jembamba, achanganyikiwe. Na kwa mwenye aina ya kwanza, ambaye seli zake za beta zimeharibiwa, kidonge hakina cha kufungua. Yeye ni sindano tu.

Kipimo cha sukari ya damu kikiwa chini ya 4 mmol/L na mtu anameza vizuri, koroga vijiko vinne vidogo vya sukari kwenye maji, anywe, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Aliyezimia asitiliwe chochote mdomoni, apelekwe hospitali mara moja. Hata aliyezinduka asiachwe alale peke yake: glibenklamidi yaweza kufanya kazi hadi saa 24, na sukari iliyopandishwa mchana ikashuka tena usiku.