HTLV-1 si VVU, na majibu chanya si saratani ya damu

Mchangia damu akiambiwa ana HTLV-1, kirusi kinachoishi ndani ya chembe nyeupe za damu, huuliza mawili: nina UKIMWI? Nina saratani ya damu? Jibu la swali la kwanza ni hapana. La pili, karibu kila mara, ni hapana vilevile. VVU na HTLV-1 vyote hupendelea seli za CD4, chembe nyeupe za kinga, ila VVU huzimaliza, HTLV-1 huzizidisha.

HTLV-1 ikishajipachika kwenye DNA ya seli, seli ikigawanyika nacho hurithiwa. Protini zake mbili, Tax na HBZ, ndizo huivuruga seli. Tax huwasha NF-kB, njia inayoiamuru seli iishi na iongezeke, na hulemaza p53, protini ya seli ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli yenye DNA mbovu. Ukarabati wa DNA nao huzorota, makosa yakalimbikizana. Lakini kinga ya mwili huitambua Tax upesi na kuiua seli inayoionyesha, kwa hiyo Tax huwashwa kwa vipindi vifupi. Kwa wagonjwa wengi wa lukemia, yaani saratani hii ya damu, Tax haionekani tena kabisa: jeni yake imebadilika, au sehemu ya kuiwasha imekatika au kufungwa. HBZ, inayosomwa kutoka uzi wa pili wa DNA kwa mwelekeo wa kinyume, ndiyo huendeleza ukuaji. Kinga haiioni kwa urahisi.

Haya huchukua miongo. Takriban asilimia 2 hadi 5 ya walioambukizwa ndio huugua lukemia, wengi wao wakiwa waliambukizwa kwa kunyonya. Hivyo "sijaumwa miaka 20" si ushahidi kwamba kipimo kilikosea.

Na kipimo si kimoja. Sampuli ikiitikia kipimo cha kingamwili hurudiwa mara mbili. Ikiitikia tena walau mara moja, huenda Western blot, kipimo cha uthibitisho kinachoonyesha kingamwili kama bendi. Bendi za gag (protini za ndani ya kirusi) bila za env (protini za ganda lake la nje) hazitoshi: majibu huandikwa "hayajaamuliwa", ndipo kipimo cha PCR hutafuta jeni ya kirusi ndani ya chembe nyeupe, si kwenye plazima, majimaji ya damu. Bomba la sampuli liwe na EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda. Chupa ya damu iliyoitikia huteketezwa hata kama uthibitisho bado. Aliyethibitishwa hazuiwi kuchangia damu mwaka mmoja au miwili, huzuiwa maisha yote. Barua ya daktari haiondoi zuio, na kujaribu kituo kingine ni kumhatarisha mgonjwa atakayepokea damu hiyo.

Mwenye kirusi anayenyonyesha apange na daktari wake mapema, kwani hatari ya kumwambukiza mtoto hupanda kadiri muda wa kunyonyesha unavyorefuka, hasa ukipita miezi 6. Kumpima mtoto kingamwili kabla ya miezi 18 hupotosha: huenda bado ni za mama.

Mwenye kirusi aende hospitali akiona mitoki isiyoisha au vipele vya ngozi visivyopona. Kiu kali, kufunga choo na kuchanganyikiwa kwa pamoja ni dharura: huenda kalsiamu imepanda, na hiyo haisubiri tarehe ya kliniki.