Kiungulia: tule nini, tulale vipi?

Maswali haya nayasikia kila mara hapa Unguja, na huzidi Ramadhani ikikaribia.

Kiungulia ndicho vidonda vya tumbo?

Sivyo. Umio unapoungana na tumbo pana msuli unaofunguka chakula kipite, kisha ukajifunga. Ukilegea, asidi ya tumbo hupanda. Tumbo lina ute mzito wa kulikinga, umio hauna kinga kama hiyo, ndiyo maana kifua kinawaka na maji makali yanakuja mdomoni. Vidonda ni majeraha kwenye ukuta wa tumbo au wa utumbo mwembamba, na vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au na dawa za maumivu kama diklofenaki. Usijiite mwenye vidonda kabla hujapimwa.

Nikila urojo tu, naungulika. Niuache?

Litazame bakuli lenyewe. Rojo lina embe mbichi na ndimu, ndani mna bajia na kachori zilizotoka mafutani, na juu pilipili. Ukali unachoma umio uliokwisha kuchubuka, na mafuta yanakichelewesha chakula tumboni, huku yakiulegeza ule msuli. Pumzika nao wiki mbili. Ukirudi, chukua bakuli dogo, alasiri badala ya usiku, uombe viazi viwe vingi na bajia chache, pilipili usitie. Usiteremshie na soda, kwani gesi yake inalitanua tumbo.

Lakini kila mtu na chake. Wengine huwashwa na kahawa ya barazani, wengine na nyanya, vitunguu vibichi, achari au chokoleti. Andika ulichokula na saa kilipokuanza. Baada ya siku chache utamjua adui wako, na hutakuwa na haja ya kuacha vyakula vyote.

Mbona Ramadhani ndiyo kinazidi?

Mama yangu alikuwa akifuturu muhogo wa nazi, sambusa, tambi na juisi ya ukwaju, vyote kwa mkao mmoja, kisha anakwenda tarawehe. Kila akisujudu, kinapanda. Si ajabu: tumbo limejaa na kichwa kiko chini, asidi ina njia nyeupe. Tulichobadilisha ni mpango tu. Magharibi anafungua kwa tende, maji na uji usio na pilipili manga. Baada ya sala anakula sahani ndogo, muhogo ukiwa umepikwa kwa tui jepesi la kupopolea, bila kasimile (lile tui zito la kwanza), na samaki wa kuchoma badala ya wa kukaanga. Sambusa moja hatukumnyima. Akirudi msikitini hali tena chakula kizito.

Daku ndiyo ngumu, kwa sababu wengi wetu tunakula, tunasali alfajiri, tunarudi kitandani. Ule kidogo, kisicho na mafuta, na ukiweza kaa kitako mpaka jua litoke.

Na siku za kawaida, nilale vipi?

Chakula cha usiku kitangulie usingizi kwa muda wa saa 2 hadi 3. Kuongeza mito hakusaidii sana, kwani shingo na kiuno vinajikunja na tumbo linabanwa. Inua kitanda chenyewe upande wa mchagoni: weka vipande vya mbao chini ya miguu miwili, kimo cha sentimita 15 hadi 20, uhakikishe havitelezi. Lala ubavu wa kushoto. Kanga au mkanda usikaze tumboni. Mwenye uzito mkubwa akipungua hata kidogo hupata nafuu, na sigara iachwe.

Maziwa, maji ya ndimu, magadi?

Maziwa hutuliza kidogo tu, kisha tumbo linatoa asidi upya. Ndimu ni asidi juu ya asidi. Magadi yana chumvichumvi nyingi, hayamfai mwenye presha.

Nende hospitali lini?

Kikikujia zaidi ya mara mbili kwa wiki, au kisipopoa kwa wiki kadhaa licha ya kubadilisha mlo. Mjamzito aulize kliniki kabla ya kumeza dawa yoyote. Chakula kikikwama kooni, au ukikonda bila sababu, usingoje wiki nyingine. Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, au maumivu ya kifua yakienda mkononi au kwenye taya pamoja na jasho, hayo si ya kuchukulia kiungulia: nenda saa hiyohiyo, hata usiku wa manane.