Mkataba wa bodaboda: hesabu inavyopima uanaume Dar es Salaam

Dar es Salaam kijana huingia kwenye bodaboda kwa njia mbili. Kuna kupeleka hesabu, yaani kiasi maalumu cha kila siku kwa bosi mwenye pikipiki: chombo ni chake siku zote, na wewe unabaki na kinachozidi baada ya hesabu na mafuta. Na kuna mkataba: unapeleka hesabu kila siku mpaka muda uishe, chombo kiwe chako. Wengi wanautaka mkataba, kwa sababu mwenye pikipiki yake husikilizwa akizungumzia mahari au kiwanja. Anayepeleka hesabu ya mtu huitwa dogo hata kama ana watoto wawili.

Tuchukue mkataba wa 10,000 kwa siku, siku saba kwa wiki, miezi 14. Ni siku 425 hivi, yaani 4,250,000. Oili, tairi na faini mara nyingi ni juu ya dereva. Mvua ikinyesha, hesabu iko palepale. Ukiugua siku tatu unadaiwa 30,000, na kumpigia bosi kuomba akuvumilie, vijiweni huonekana ni kushindwa kazi ya kiume. Basi kijana anakesha barabarani, anapakia mishikaki (abiria zaidi ya mmoja), anapita upande usio wake. Watu wanasema ni ukorofi wa ujana. Mimi naliona deni.

Kinachoahirishwa kwanza ni matengenezo. Ili kuokoa hela, cheni mpya inafungwa juu ya sproketi (magurudumu ya meno yanayoshika cheni) zilizochongoka. Meno hayo yanaimaliza haraka, na inaweza kuchomoka ukiwa katikati ya magari. Badilisha seti nzima: cheni, sproketi ndogo na kubwa.

Mkataba wenyewe uandikwe, wenye mashahidi, ikiwezekana mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Useme nani analipa bima, chombo kikiibwa inakuwaje, injini ikifa gharama ni juu ya nani, na gharama ya kubadili jina kwenye kadi ya usajili wa pikipiki ni ya nani. Kadi hubaki kwa bosi, ndiyo maana ugomvi mbaya huja miezi ya mwisho: anachukua pikipiki akidai kuna siku zilirukwa, na dereva aliyekuwa akilipa mkononi hana cha kuonyesha. Tuma hesabu kwa simu, utunze ujumbe wote.

Dai pia siku moja ya kupumzika kila wiki, isiyo na hesabu. Siku 425 zikigawanywa kwa sita ni wiki 71 hivi, basi mkataba unasogea hadi miezi 16 na siku chache, na bosi anapata 4,250,000 yake ileile.