Simba wa rupia ya Mjerumani haonyeshi mahali popote

Juzi kaja kijana mmoja na baba yake mdogo, wametoka Handeni alfajiri, rupia, ile sarafu ya zamani ya Mjerumani yenye simba, wameifunga kwenye kitambaa cheusi, kitambaa kimo kwenye mfuko wa rambo, mfuko umo kwenye begi. Nimewakaribisha maji hawakugusa. Baba mdogo akaiweka mezani kwa mikono miwili, taratibu kabisa, akaniuliza, "Mtaalamu, hebu tuambie, huyu simba anatazama upande gani?"

Nikajua tu. Wameambiwa na fundi wa kutafuta mali iliyofukiwa kwamba ile rupia ukiilaza juu ya jiwe lenye alama, basi kule anakotazama simba ndiko Mjerumani alikofukia mali yake. Wameshauza ng'ombe wawili, wamechimba shimo linalomzidi mtu mzima kimo, tena jirani na kaburi la babu yao, na hawajatoa hata msumari. Hili swali la simba nimeulizwa miaka na miaka, na kila anayeuliza anakuwa ameshapoteza kitu, kwa hiyo leo naandika niseme yote.

Yule simba na ule mti wa jamii ya mnazi ni nembo ya kampuni. Basi. Zungusha rupia usome maandishi ya pembeni, imeandikwa DEUTSCH-OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT, na hilo neno la mwisho maana yake ni kampuni, yani Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ile iliyoanzishwa na kina Carl Peters, iliyopewa hati ya ulinzi na mfalme wao tarehe 27 Februari 1885. Ilikuwa kampuni ya biashara yenye wanahisa, ikapewa na ruhusa ya kutoa sarafu, ikaweka nembo yake kwenye sarafu kama leo kiwanda kinavyoweka nembo yake kwenye mfuko wa saruji. Hakuna mtu anayelaza mfuko wa saruji chini aone mnyama wake anaelekea wapi.

Alafu fikirieni jambo moja. Rupia zile zilipigwa kwa mashine huko Ujerumani, zikaletwa kwa meli, zikalipwa mishahara ya askari na wapagazi, zikanunua pembe na mpira, zikazunguka Tanga, Pangani, Bagamoyo, Kilwa mpaka bara. Simba ni yuleyule kwenye kila moja. Sasa kama ni ramani, ni ramani ya wapi? Aliyeipata Kilwa na aliyeipata Handeni wote wana simba mmoja, na aliyechonga ile nembo alikuwa kwao Ulaya, shamba la babu yenu angelijulia wapi?

Na miaka yenyewe haikubali. Rupia ya simba imeanza 1890 na ya mwisho kabisa ni ya 1902. Kuanzia 1904 sarafu zinaandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA tu, sababu sasa ni za serikali ya koloni, na simba wa kampuni hayupo tena. Mjerumani amekimbizwa huku kwenye vita ya 1914 mpaka 1918. Kwa hiyo mnataka kuniambia mtu alichora ramani 1890 ya mali aliyokuja kuificha 1916?

Tena hiyo 1916 hela hawakuwa nayo. Waingereza wamefunga bahari, sarafu haziingii, ikabidi wapige wenyewe Tabora kwenye karakana ya reli, zile za shaba nyekundu na shaba njano zenye herufi T, pamoja na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, dhahabu imetoka mgodi wa Sekenke, na hizo za dhahabu zikapatikana 16,198 tu. Ikafika 1917 wanachapa noti za rupia moja kwa mihuri ya mpira huko porini. Mtu mwenye masanduku ya fedha chini ya ardhi hachapi noti kwa muhuri wa mpira jamani. Na hao mafundi wanaowaambia mchimbe wanalijua hilo vizuri, mwenye kuumia ni yule aliyeuza ng'ombe, na wale wanaofukuliwa makaburi ya wazee wao.

Nyingine nazipitia haraka.

Eti ndani ina mekyuri, yani zebaki. Hapana. Rupia ya Kampuni ni ya madini ya fedha ya kiwango cha 917 kwa elfu, uzito wake gramu 11.66 sawasawa na rupia ya India, sababu walitaka ikubalike na wafanyabiashara wa pwani waliozoea ya India. Ni kipande kizima kilichogongwa, hakina tumbo la kuweka kitu. Nenda kwa sonara ukapime kwenye mizani, ikiwa na gramu 9 au inanasa kwenye sumaku, ujue umeuziwa feki.

Eti yule mwenye kofia ya ndege ni Carl Peters. Siye. Ni Kaiser Wilhelm II, mfalme wao wa wakati ule, ndege ni tai wa kofia yake ya kijeshi, na jina lake limeandikwa hapohapo kwa Kilatini, GUILELMUS II IMPERATOR. Peters hakuwahi kuwekwa kwenye sarafu ya Kampuni.

Ile pesa ndogo ya shaba ndo inachanganya zaidi, sababu upande mmoja ina tai na upande wa pili ina maandishi ya Kiarabu, basi wengine wanasema ni aya, ni hirizi, wanaivalisha watoto, wengine wanasema ni ya miaka mia saba iliyopita kwa kuwa wamesoma ١٣٠٧ wakaona 1307. Ile ni 1307 Hijria, sawa na 1890. Na maandishi yenyewe yanasomeka "Sharakat Almaniya", kampuni ya Ujerumani, hilo neno la kwanza ni ndugu wa shirika letu. Waliandika kwa Kiarabu sababu watu wa pwani walikuwa wanasoma herufi hizo, za Kilatini wengi hawakuzijua. Zilipigwa mamilioni mwaka 1890 hadi 1892, kwa hiyo ukiipata furahi, ila usiache kazi.

Hapohapo kuna wanaosema neno pesa kaleta Mjerumani. Pesa limetoka India, kabla ya Kampuni, Sayyid Barghash, Sultan wa Zanzibar, alishatoa pesa zake za shaba mwaka 1299 Hijria, zina mizani. Mjerumani alichotuachia ni hela, kutokana na heller za 1904 na kuendelea, mia moja kwa rupia.

Na wa Mombasa nao, ile sarafu ya 1888 yenye jua na mizani siyo ya Freemason. Ni ya kampuni ya Waingereza, ya Mackinnon, jua ndo nembo yao, na mizani kama nilivyosema ilishakuwepo kwenye pesa za Barghash.

Sasa bendera, hili nalo linaniuma kwa namna yake. Watu wakiona ile nyeupe yenye msalaba mweusi na kona nyekundu yenye nyota tano, mmoja atasema ni ya misheni, mwingine nyota ni makabila matano. Ni bendera ya Kampuni. Msalaba mweusi ni wa Kiprusi, upo hata kwenye bendera ya manowari zao za wakati ule, na nyota ni za Msalaba wa Kusini, zile zinazoonekana angani huku kwetu. Hii siyo ile ya Dola ya Ujerumani yenye mistari myeusi, myeupe na myekundu, na ni muhimu kuzitofautisha, sababu wazee wa Pangani mwaka 1888 waligoma kutawaliwa na kampuni. Mkataba wa Aprili na Sultan Khalifa wa Zanzibar ulisema Kampuni itaendesha pwani kwa jina la Sultan na chini ya bendera yake nyekundu. Agosti wakaja wanataka na yao ipande, na pale Pangani alikuwepo Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo. Ndo moto wa Abushiri ukawaka, Kampuni ikashindwa, ikabidi serikali yao imtume Wissmann na jeshi, na kuanzia Januari 1891 utawala ukawa wa Dola yenyewe. Kitambaa kile kilimwaga damu ya watu, kiitwe kwa jina lake.

Bendera ile yenye kichwa cha simba katikati haikuwahi kupepea hapa. Ilipendekezwa 1914, vita ikaanza, ikabaki kwenye karatasi.

La mwisho ni ombi. Msisugue. Kuna mama aliniletea sarafu ya rupia mbili ya 1894, ile kubwa, adimu kweli, imesuguliwa kwa limau na majivu mpaka uso wa mfalme umelainika kama sabuni iliyotumika, nembo ya simba imebaki kivuli. Alitaka ing'ae ili nimpe bei nzuri, na nilishindwa hata kumwambia alichopoteza. Kama unayo, iache na weusi wake, ipige picha mchana nje, pande zote mbili na ukingo, weka na rula pembeni, alafu niletee.