Visawe vya "funga" na "geuka": vipime kwa kinyume chake

Kisawe ni neno linaloweza kuchukua nafasi ya jingine katika sentensi bila kuharibu maana. Ukiuliza visawe vya "funga" utapewa kaza, bana, komea, bandika, pachika, chomeka, shikiza. Ni kweli yote yanahusu kukifanya kitu kitulie mahali pake. Lakini anayeyatumia kiholela ataandika sentensi ambazo hakuna fundi angezitamka. Kipimo ninachokiamini ni hiki: usiulize kitu kimefungwaje, uliza kitatolewaje.

Kiswahili kina kauli ya kutendua, yaani umbo la kitenzi linaloonyesha kwamba kitendo kimerudishwa nyuma, inayojengwa kwa -u-, au -o- pale mzizi wenyewe unapokuwa na irabu hiyo. Mlango uliofungwa hufunguliwa. Uliokomewa, yaani uliotiwa komeo kwa ndani, hukomolewa. Tangazo lililobandikwa ukutani hubanduliwa, kilichopachikwa hupachuliwa, na chaji ya simu iliyochomekwa huchomolewa. Tazama jinsi -ik- ya bandika na pachika, na -ek- ya chomeka, zinavyoondoka kuipisha -u- au -o-. Funika na funua hufuata njia hiyohiyo. Sasa jaribu kusema "nimefungua tangazo ukutani" ukimaanisha umelitoa. Sikio linakataa mara moja, na hapo unajua kwamba bandika na funga ni majirani tu.

Kaza inastahili kutazamwa kwa makini, maana ndiyo inayochanganywa zaidi. Kinyume chake ni legeza. Hakuna "kazua", kwa sababu kaza haisemi kwamba kitu kimeunganishwa. Inasema kimebanwa kwa kiasi gani. Fundi gari anapomfundisha kijana kurudisha tairi humwambia afunge nati zote kwanza kwa mkono, kisha azikaze kwa spana kwa kupishanisha, hii halafu ile inayoikabili. Akizikaza moja moja hadi mwisho, tairi linaweza kukaa upande. Kazi ni mbili, na kila moja ina kitenzi chake. Anayeandika maelekezo ya kazi na kutumia "funga" kwa zote mbili anamnyima msomaji jambo la maana.

Funga yenyewe imesafiri mbali na kamba na milango, na kipimo kilekile kinaonyesha imefika wapi. Ndoa iliyofungwa haifunguliwi, huvunjwa. Goli lililofungwa hurudishwa. Aliyefunga Ramadhani hufuturu. Kila kinyume kinapobadilika, maana nayo imeshahama, na kisawe lazima kihame nayo: badala ya "funga ndoa" unaweza kusema "oana", kamwe si "komea".

Shikiza ni ya muda. Mshonaji hushikiza upindo wa sketi kwa pini kabla ya kuupitisha kwenye cherehani. Na huo upindo umetokana na pinda, kitenzi kinachotuvusha hadi kundi la pili, la visawe vya "geuka", yaani kubadili mwelekeo.

Huku kauli ya kutendua haitusaidii sana. Pindua si kunyoosha kilichopindwa. Swali linalofaa ni: nini hasa kimebadilika? Kwenye gwaride, amri ya "nyuma geuka!" humgeuza askari palepale aliposimama, uso umebadilika, mahali ni palepale. Ukitaka bodaboda aingie mtaa wa kulia, unamwambia akate kona au apinde kulia, kwa kuwa safari inaendelea kwa mstari mpya. Ukimwambia ageuze, atarudi mlikotoka. Pinda husemwa pia juu ya njia yenyewe: barabara inapinda hata kama hakuna anayepita.

Pinduka ni jambo zito zaidi: cha juu kimekwenda chini. Gari lililogeuka na gari lililopinduka ni habari mbili tofauti kabisa. Siasa zimeilinda tofauti hii vizuri. Yaliyotokea Zanzibar tarehe 12 Januari 1964 yanaitwa Mapinduzi, na vyama vya TANU, cha Tanzania Bara, na ASP, cha Zanzibar, vilipoungana tarehe 5 Februari 1977 vikalitia neno hilo katika jina la Chama Cha Mapinduzi. Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa Tanzania mwaka 1992, neno lililosikika upande wa upinzani lilikuwa mageuzi, nalo limo katika jina la chama cha NCCR-Mageuzi. Pindua na geuza hukaa karibu kwenye orodha za visawe, lakini hakuna anayeziita siku za Januari 1964 mageuzi.

Yamebaki maneno mawili ya kundi hili. Chepuka ni kuiacha njia kuu na kushika ya pembeni, na ndiyo asili ya barabara ya mchepuko inayowekwa wakati wa matengenezo. Kengeuka mara nyingi husemwa juu ya mtu, si gari: ameiacha njia aliyopaswa kuifuata, iwe ya dini, ya maadili au ya hoja aliyokuwa akiijenga.