Mtoto mchanga si kibogoyo

Agosti 2019, makarani wa sensa walipopita Nairobi na vishikwambi vyao, walinikuta kwa dada yangu. Alikuwa na wiki tatu tangu ajifungue. Karani, kijana mpole mwenye jasho usoni, aliuliza majina, umri, mahali pa kuzaliwa, akafika kwenye dini. "Na huyu mdogo?" Dada akajibu bila kuinua macho: "Mkatoliki." Shemeji yangu, ambaye kanisani haonekani hata Krismasi, akadakia kutoka jikoni: "Hajabatizwa huyo! Mungu mwenyewe hamjui. Mwandike mkanamungu." Karani akanigeukia mimi, nadhani kwa sababu ya miwani.

Sikumsaidia. Nafundisha mantiki, na swali hilo, kama mtoto mchanga ni mkanamungu, ndilo ninalofungulia muhula kila mwaka. Matokeo ya sensa yalipochapishwa, wasio na dini na wakanamungu walikuwa wamewekwa katika safu moja, watu 755,750. Nikajiuliza kuna wanyonyao wangapi humo ambao baba zao waliwahi kujibu kabla ya mama zao.

Shemeji hakubuni hoja yake. Mwaka 1772 mwanafalsafa Baron d'Holbach aliandika huko Ufaransa kwamba watoto wote ni wakanamungu, kwa kuwa hawana wazo lolote la Mungu. Miaka 200 baadaye, mwanafalsafa Mwingereza Antony Flew alipendekeza ile *a-* ya Kigiriki katika *atheos*, neno lao la mkanamungu, isomwe kama "bila" tu. Kwa maana hiyo, mkanamungu hana haja ya kudai kwamba Mungu hayupo. Inatosha kwamba imani ya kuwapo kwake haimo kichwani mwake.

Kwa kipimo hicho mtoto wa dada anapita. Paka wake naye anapita, pamoja na jiwe la kusagia lililoko nyuma ya mlango.

Darasa hucheka hapo, kisha mmoja hunyosha mkono: "Mwalimu, basi tuseme ni *mtu* asiyeamini." Haya, paka katoka. Lakini kwa nini umeongeza mtu? Ukimbana atakwambia kwamba mtu ndiye awezaye kuamini. Basi kumbe uwezo ulikuwa sehemu ya maana tangu mwanzo, tena umeingia kwa mlango wa nyuma. Na ukishaingia, mtoto wa wiki tatu unamtoa yeye pia, maana uwezo huo bado hana.

Aristotle aliliona hili zamani. Katika kitabu chake cha Kategoria anasema kitu hakiitwi kisicho na meno au kipofu kwa sababu tu hakina meno au hakioni, bali pale kinapokosa wakati ambapo kwa maumbile yake kingepaswa kuwa nacho. Niliposoma hapo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikacheka, kwa sababu bibi yangu angemwelewa bila mkalimani. Mtoto mchanga hana jino hata moja, na hakuna anayemwita kibogoyo. Kijana ambaye hajaoa humwiti mjane, ingawa mke hana. Jiwe halina macho, lakini nani atasema limekosa macho? "Kutokuwa na" na "kukosa" ni vitu viwili, na Kiswahili kinavitenganisha bila msaada wa wanafalsafa.

Neno lenyewe la Kiswahili linabana zaidi kuliko la Kigiriki. Mkanamungu anakana. Kukana ni tendo: Petro alikana, mshtakiwa hukana shtaka. Huwezi kukana usichokisikia. Hata *atheos* ya kale ilikuwa lawama kwa watu wanaojua wanachokataa. Wakristo wa mwanzo waliitwa hivyo kwa kuwa walikataa kutoa sadaka kwa miungu ya dola. Sijasikia kitoto cha kunyonya kilichoshtakiwa.

Kwa nini basi watu humng'ang'ania mtoto? Nadhani ni kwa sababu ya mzigo wa kuthibitisha. Ukionyesha kwamba kutoamini ndiko mahali pa kuanzia, anayeamini ndiye atakayedaiwa ushahidi. Flew alikuwa akilifuata hilo hasa. Lakini mzigo unaweza kumwangukia anayedai bila kumsajili mtoto katika chama chochote. Upande wa pili, wa waumini, nao wanavuta mkono uleule: mwanafunzi wangu mmoja wa Mombasa alinikumbusha hadithi ya Mtume kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani maumbile ya asili yanayomwelekea Mungu, kisha wazazi wake ndio wanaomfanya Myahudi, Mkristo au Majusi. Nikamkumbusha na ile nyingine, kwamba kalamu ya kuandika dhambi imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe, kwa aliyelala mpaka aamke, na kwa mwenye wazimu mpaka apate akili. Akatabasamu, akasema hiyo ni ya hukumu na ile ni ya maumbile. Jibu zuri. Nilimpa alama zake.

Huyo aliyelala ndiye anayenisumbua kidogo. Mzee aliyesali miaka 70 akilala hageuki kuwa asiyeamini, kwa sababu imani haihitaji kufikiriwa kila dakika. Ipo imetulia, kama lugha uijuayo ukiwa kimya. Lakini mzee huyohuyo akipotelewa na akili uzeeni, hata jina la Mungu asilitambue tena? Kwake naona aibu kutumia neno lolote. Majirani zake watasema bado ni Mwislamu, nami sitabishana nao. Kilicho wazi ni kwamba hajawa mkanamungu, maana hakuna alichokikana.

Na mtu mzima mwenye akili timamu ambaye hajawahi kusikia habari za Mungu? Huyo ana uwezo, amekosa habari tu. Akiitwa "asiyeamini" sitapinga. "Mkanamungu" nitapinga.

Yule mtoto wa sensa sasa anasoma. Majuzi meno mawili ya mbele yaling'oka, na wenzake wakamwita kibogoyo, akaja kwangu analia. Nilipombembeleza akanyamaza, akaniuliza kama Mungu humwona akiwa amejifunika blanketi. Nikamuuliza yeye anaonaje. Akafikiri, ulimi ukichungulia kwenye pengo, akasema labda hamna mtu huko juu.

Shemeji alikuwa jikoni. Sikumwambia.