Je, wajua kwa nini "cool" ni ubaridi na sifa kwa wakati mmoja?

Anayejifunza Kiingereza hukutana na neno "cool" mapema, na huambiwa maana yake ni baridi kiasi: maji yasiyo ya moto wala ya barafu, upepo wa jioni, chumba chenye kivuli. Siku mbili baadaye anasikia kwamba viatu fulani ni "cool", mwalimu fulani ni "cool", hata fataki zinazowaka angani ni "cool", na hapo anaanza kuitilia shaka kamusi yake. Imekuwaje neno la kipimajoto likageuka pongezi?

Neno lenyewe ni kongwe. Limo katika Kiingereza tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na ni la ukoo mmoja na "cold". Ukoo huo ni mpana: shina lao la mbali ndilo lililozaa neno la Kilatini la kuganda kwa baridi, ambalo nalo lilitupatia jeli. Kwa hiyo jeli na "cool" ni binamu, ingawa hawafanani hata kidogo.

Ila watu hawaachi maneno ya joto na baridi yakae kwenye sufuria tu. Hasira huchemka, ugomvi hupamba moto, damu ya vijana husemwa kuwa inachemka. Basi ikiwa jazba ni moto, aliyetulia ni aliyepoa. Waingereza walilitumia "cool" hivyo tangu zamani. Katika tamthilia ya Hamlet, iliyoandikwa karibu mwaka 1600, Shakespeare anamfanya mama amsihi mwanawe aliyepandwa na hasira ainyunyizie subira, na subira hiyo anaiita "cool". Hakuna cha mitaani hapo. Ni malkia anayezungumza.

Kupoa, hata hivyo, kuna upande wa pili. Mapenzi yakipoa hakuna anayepongezwa, na ndiyo maana "cool" pia ni mtu asiyekuchangamkia, anayekusalimia kwa ncha ya mdomo. Kiingereza kinatenganisha maana hizi kwa kiungo kidogo mno: akiwa "cool to you", amekununia; akiwa "cool with you", hamna neno baina yenu. Silabi moja tu, na mgeni wa lugha anaweza kuachana na rafiki bure.

Kuna maana nyingine ambayo mimi huipenda kuliko zote, ile ya fedha. Tangu karne ya 18 Waingereza husema "a cool hundred" au "a cool thousand" wakimaanisha kiasi kizima, kinono, kinachotajwa bila kope kutikisika. Henry Fielding aliichezea katika riwaya yake ya Tom Jones ya mwaka 1749: mcheza kamari anainuka mezani akiwa amepandwa na joto, akitangaza kwamba amepoteza "a cool hundred". Mtu anawaka, hasara yake imepoa.

Sifa tunayoisikia leo ilikuja baadaye sana, kupitia Wamarekani weusi na muziki wao. Jazi ya miaka ya 1920 ilisifiwa kwa kuwa ya moto. Bendi ambayo Louis Armstrong alianza kurekodi nayo mwaka 1925 mjini Chicago iliitwa Hot Five. Kisha akaja mpiga saksofoni Lester Young, aliyepuliza kwa ulaini, bila haraka, kana kwamba anaongea peke yake. Wengi humtaja yeye kuwa ndiye aliyelisambaza "cool" la kusifia miongoni mwa wanamuziki. Mwaka 1947 Charlie Parker alirekodi Cool Blues, na vipande alivyorekodi Miles Davis mwaka 1949 na 1950 vilikusanywa mwaka 1957 katika albamu iitwayo Birth of the Cool. Kufikia hapo kila kijana alikuwa na neno hilo mdomoni.

Kwa nini utulivu uwe sifa kubwa hivyo kwao? Fikiria maisha ya mtu mweusi Marekani wakati huo, ambako kuonyesha hasira mbele ya mzungu kungeweza kumgharimu uhai. Kuuzuia uso usiseme yaliyo moyoni kulikuwa silaha na heshima kwa pamoja. Mwanahistoria wa sanaa Robert Farris Thompson alikwenda mbali zaidi: mwaka 1973 alieleza kwamba Wayoruba, watu wa Afrika Magharibi, wana neno "itutu", ubaridi, wanalolitumia kusifu tabia tulivu na ya kiungwana.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa. Sisi wenyewe tuna kitenzi kupoa. Chai hupoa, homa hupoa, biashara hupoa. Pole nayo imetoka kwenye shina hilohilo, pamoja na upole wote. Kisha mtu anaulizwa "mambo?" na anajibu "poa!", wala hakuna anayemletea shuka. Wazulu nao wana "phola", kupoa na kupona, ambayo vijana wao huitumia kwa kustarehe. Na kama Waingereza, tunasifu kwa ncha zote mbili: ngoma inaweza kuwa poa, na ngoma hiyohiyo ikawa moto.

Maneno mengi ya mitaani huchakaa pamoja na nguo za zama zake. "Groovy" la miaka ya 1960 likisemwa leo kwa dhati, watu hucheka. "Cool" limepona, nadhani kwa sababu limejificha ndani ya neno la kawaida ambalo haliwezi kufa maadamu maji yanapoa. Kamusi huliwekea alama ya lugha isiyo rasmi, kisha wazee hulitumia bila kuiona alama hiyo.

Sasa limepungua hadi kuwa itikio tu: sawa, nimekuelewa. Umtumie mtu ujumbe mrefu, wenye moyo wako wote, naye akujibu "Cool." na nukta mwishoni. Soma tena hiyo nukta. Hapo neno limerudi kwenye maana yake ya kwanza kabisa.